Kupima Y, mtDNA au kipimo cha jumla? Soma kwanza kabla hujalipa pesa ya ukoo

Wiki iliyopita binamu yangu alitupa meseji kwenye grupu la ukoo, "jamani nataka kupima DNA nijue tulikotoka, kuna vipimo vitatu, nichukue kipi?" Nusu saa haijaisha majibu yamefika arobaini na kila mtu na lake. Mmoja anasema chukua Y ndo ya wanaume, mwingine anasema chukua ya bei rahisi zote ni sawa, shangazi anauliza mbona hakuna ya wanawake, na kuna kijana kasoma mahali kwamba Y inakufa kwaiyo haina maana kuipima. Nimeona niandike kwa urefu hapa, maana haya mambo nayapenda na nimeyafuatilia miaka, na kwa sababu zote SI sawa hata kidogo. Ukichagua vibaya utalipa pesa nyingi upate jibu zuri la swali ambalo wewe hukuuliza.

Anza na hesabu hii. Una wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, ukipanda vizazi 10 unakuta nafasi 1,024 za wazee wako, hata kama baadhi wanajirudia maana watu wetu wameoana mabinamu sana. Kipimo cha Y, ile kromosomu (furushi la DNA) ambayo wanaume tu wanayo, kinamfuata mmoja tu kati ya hao 1,024, yaani baba wa baba wa baba wa baba mpaka juu. Kipimo cha mtDNA kinamfuata mmoja mwingine, mama wa mama wa mama. Wale 1,022 waliobaki kwenye vipimo hivyo viwili hawasemi neno. Kipimo cha jumla, kile cha otosomu, kinasoma zile jozi 22 za kromosomu zilizobaki ambazo wote wamechangia, ila kila kizazi kinakata nusu, kwaiyo ukifika vizazi nane, tisa nyuma unaanza kukuta wazee ambao hawakukuachia hata herufi moja ya DNA, na ni wazee wako halali kabisa.

Kwaiyo Y inaona mbali sana kupitia tundu dogo, na kipimo cha jumla kinaona upana ila karibu. Shika hilo halafu twende.

Y ilifikaje hapo

Watu wengi wanadhani Y iliumbwa hivyo ilivyo, kakipande kafupi ka kiume. Hapana. Kama miaka milioni 180 iliyopita, kwa wanyama wanyonyeshao wa mwanzo, X na Y (leo mwanamke ana X mbili, mwanaume X moja na Y moja) zilikuwa jozi ya kawaida, zimelingana kama jozi nyingine yoyote. Halafu upande mmoja jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kazi fulani) inayoitwa SOX3, ambayo kwenye X ipo mpaka leo, nakala yake ikabadilika ikawa SRY, jeni inayoamuru kiinitete kitengeneze korodani. SRY yenyewe ilitambuliwa London mwaka 1990, timu ya Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge, na mwaka uliofuata wakafanya jaribio ambalo mi kila nikilifikiria nasisimka: wakachukua kiinitete cha panya chenye XX, jike kamili kwa kromosomu, wakakiongezea kipande chenye jeni hiyo moja tu, akazaliwa dume. Ana korodani, anapanda majike, japo mbegu hana kwa sababu kutengeneza mbegu kunahitaji jeni nyingine za Y ambazo hakupewa.

Sasa kawaida kabla kromosomu haijaingia kwenye yai au mbegu, jozi inakaa pamoja inabadilishana vipande, kama unavyochanga karata. Y iliacha kuchangana na X. Haikuacha siku moja, iliacha kipande baada ya kipande, na mwaka 1999 watafiti Bruce Lahn na David Page walionyesha kwamba ukilinganisha jeni za X na wenzao wa Y unaziona tabaka kabisa, kama udongo uliochimbwa kisima, tabaka la zamani limetofautiana sana na la karibuni limetofautiana kidogo. Kilichobaki cha kuchangana leo ni ncha mbili tu za Y.

Hilo jambo moja lilileta matokeo mawili. La kwanza, Y ilichakaa, maana bila kuchangana jeni ikiharibika haina pa kuazima nakala nzima, na kwa binadamu zile jeni za asili ilizokuwa nazo zimebaki kama asilimia 3 tu. La pili ndo linalokuhusu wewe unayetaka kulipa: kwa kuwa haichangani, baba anampa mwanawe nakala ileile, mwana anampa mjukuu ileile, na kinachobadilika ni makosa madogo ya kunakili. Mwaka 2009 watafiti walichukua wanaume wawili wa ukoo mmoja China, ukihesabu kutoka kwa mmoja kupanda hadi babu yao na kushuka kwa mwenzake ni vizazi 13, wakasoma herufi milioni 10 na ushei za Y zao, wakakuta tofauti nne. Nne tu! Yaani kama kosa moja kila vizazi vitatu kwa urefu ule wa maandishi. Makosa hayo ndo alama za njia, kila tawi la wanaume duniani lina mfululizo wake, na tawi lenyewe linaitwa haplogrupu.

Kuhusu lile la kufa

Huyu kijana wa kwenye grupu hakulitunga. Mwanasayansi Jennifer Graves wa Australia alipiga hesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba kwa kasi ile ya kupoteza jeni Y ya binadamu ingeisha kama miaka milioni 10 ijayo. Ila mwaka 2012 timu ya David Page ikalinganisha Y yetu na ya kima aina ya rhesus, ambaye tuliachana naye kama miaka milioni 25 iliyopita, wakakuta katika muda wote huo upande wa binadamu imepotea jeni moja tu ya asili. Kwaiyo kasi haikuwa moja, ilianza kwa kishindo halafu ikatulia, na zilizobaki zinalindwa. Nyingi kati ya zilizolindwa hazina uhusiano na mambo ya kiume, ni jeni za kazi za kila siku ndani ya seli ambazo mwili unahitaji nakala mbili, moja iko X na moja Y, ukipunguza inakuwa shida.

Na hata ikiisha haimaanishi madume yanaisha. Kule kisiwa cha Amami huko Japani kuna panya wa miiba ambaye Y hana kabisa, wala SRY hana, na madume wapo wanazaliwa kila siku. Mwaka 2022 timu ya Asato Kuroiwa ilionyesha kwamba kipande cha herufi kama 17,000 karibu na jeni ya Sox9 kimejirudia kwa madume, na hicho ndo kimechukua ile kazi ya kuwasha udume.

Kuna kufa kwingine ambako ni kwa kweli na kunawahusu wazee wetu. Wanaume wakizeeka baadhi ya seli za damu zinapoteza Y. Kwenye data za Uingereza za wanaume 205,011 zilizochapishwa 2019, mmoja kati ya watano alikuwa na dalili hiyo, na kwa wenye miaka 70 inapita asilimia 40. Hizo ni baadhi tu ya seli zake, kwaiyo kipimo cha ukoo bado kinasomeka, usiache kumpima babu kwa ajili hiyo.

Kuna nini humo ndani, na hakuna nini

Mpaka juzi tu hata wanasayansi walikuwa hawajaisoma yote. Ramani iliyokuwa inatumika ilikuwa na mashimo zaidi ya nusu. Mwaka 2023 mwezi wa nane ndo ikachapishwa Y nzima mwanzo hadi mwisho, herufi 62,460,029, na jeni 106 zinazotengeneza protini, 41 kati yake hazikuwa kwenye ramani ya zamani na nyingi ya hizo ni nakala za jeni moja ya korodani inayoitwa TSPY, imejirudia na kujirudia. Ugumu wa kuisoma ulitokana na kujirudia huko. Kuna sehemu zinasomeka sawa ukitoka kulia au kushoto, kama neno INI au AMA, ila hapa neno kubwa kuliko yote lina herufi karibu milioni 2.9 na pande zake mbili zinafanana asilimia 99.97. Inaonekana hiyo ndo akiba yake: haina mwenzake wa kuchangana naye, basi inajitazama yenyewe, upande ulioharibika unajisahihisha kwa upande mzima. Ubaya wake ni kwamba wakati mwingine inajikunja vibaya na kipande kizima kinadondoka, na baadhi ya wanaume wasiopata watoto tatizo lao liko hapo hapo, kwenye sehemu zinazoitwa AZF.

Nayasema haya yote kwa sababu moja. Pwani na bara watu wakisikia "Y ya ukoo" wanadhani humo ndani kuna damu ya ukoo, ushujaa, rangi, sura, akili ya biashara. Hamna. Humo kuna korodani, mbegu, na hizo jeni chache za kazi za seli. Na zile alama za haplogrupu nyingi zimekaa sehemu ambazo hazifanyi kazi yoyote, ni kama namba ya chasisi, haikwambii gari linakimbia vipi wala limepakwa rangi gani. Mtu anaweza kuwa na Y ya Uajemi na asilimia 95 ya DNA yake iwe ya Afrika, na kinyume chake.

mtDNA kwa kifupi

Shangazi, jibu lako ni hili. Mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, ina DNA yake ndogo inayoitwa mtDNA, herufi 16,569 na jeni 37, ilisomwa yote tangu 1981, na inatoka kwa mama peke yake. Kila mtu anayo, mwanaume na mwanamke, kwaiyo yeyote anaweza kupima, tofauti ni kwamba mwanaume hawezi kumpa mtoto wake. Kwa maswali ya ukoo wa karibu ni dhaifu, maana ni fupi na mara nyingi watu wawili wanafanana kila herufi na mama yao wa pamoja aliishi mamia ya miaka nyuma, au maelfu. Nguvu yake ni swali la zamani: yule mama wa mwanzo kabisa wa mstari wangu alikuwa wa upande gani wa dunia. Kwa watu wa pwani swali hilo ni zito kuliko watu wanavyodhani, nakuja hapo.

Kipimo cha jumla

Hiki ndo cha kutafuta ndugu walio hai. Binamu wa kwanza mnagawana kama asilimia 12.5, wa pili kama 3, ukifika binamu wa tatu, wa nne bado mara nyingi inashika, baada ya hapo ni bahati. Ila ile picha ya asilimia wanayokuletea na rangi rangi, asilimia 60 huku na 14 kule, ichukue taratibu. Wanakulinganisha na watu walionao kwenye ghala lao, na watu wa Afrika Mashariki kwenye maghala hayo ni wachache, kwaiyo Mdigo na Mzaramo wanaweza kuwekwa kapu moja na mtu wa mbali kabisa, na mwakani wakiongeza sampuli asilimia zako zinahama bila wewe kuhama.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu

Swali la Ushirazi kwanza, maana najua ndo lililomtuma binamu. Tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya historia ya mji huo, inasimulia wakuu waliokuja kutoka Shiraz huko Uajemi, na kwa miaka mingi wasomi wengi walikuwa wanaona ni hadithi ya kujipa utukufu. Mwaka 2023 ikachapishwa kazi ya DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alikuwa mmoja wa viongozi wake. Matokeo yake ndo somo zima la uchaguzi wa kipimo. Kipimo cha jumla kilionyesha wengi wao ni mchanganyiko, Afrika na Asia, na sehemu ya Asia kubwa yake ni Uajemi pamoja na kiasi cha India, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000, ambako kunaenda sambamba na ile simulizi. Baada ya 1500 hivi sehemu ya Asia inazidi kuwa ya Uarabuni kusini. Y za wanaume wengi wenye mchanganyiko zilikuwa za upande wa Asia kusini magharibi, kama zile za kundi la J. mtDNA zao karibu zote, za Afrika.

Umeona? Hao hao watu, makaburi hayo hayo. Ungepima Y peke yake ungesema hawa ni Waajemi waliohamia. Ungepima mtDNA peke yake ungesema ni Waafrika watupu. Wote wawili mngekuwa mmesema kweli kuhusu mstari mmoja na kukosea kuhusu watu. Waliooa ni wageni na waliozaa, wakalea, wakawapa watoto lugha ni mama wa hapa, na Kiswahili chetu ni cha Kibantu mpaka kesho. Mi naamini kabisa kwamba mtu wa pwani asinunue Y bila kuweka mtDNA pembeni yake, hata kama itabidi asubiri miezi akusanye pesa. Kununua moja tu hapa kwetu ni kumsikiliza babu na kumfukuza bibi barazani.

Hali kama hiyo iko kwa Walemba wa Afrika Kusini na Zimbabwe, ambao simulizi zao zinasema walitoka kaskazini kwa mababu wa Kiyahudi waliovuka bahari. Y zao kweli nyingi zilionekana za Mashariki ya Kati, na ukoo wa Buba hasa ulikuwa na alama ile inayopatikana sana kwa makuhani wa Kiyahudi. Upande wa mama wakawa kama majirani zao. Kwa swali lao la mababu, Y ilikuwa chaguo sahihi kabisa na hakuna kipimo kingine kingeweza kulijibu vile.

Kwa wa bara swali mara nyingi ni lingine, kabila gani, njia ipi. Hapa Y inakupa mambo makubwa: haplogrupu E-M2 na matawi yake yamesambaa sana na wasemaji wa lugha za Kibantu, na tawi moja, E-M293, linahusishwa na wafugaji waliotoka maeneo ya Tanzania kwenda kusini kama miaka 2,000 iliyopita. Lakini hakuna Y ya Kichaga wala Y ya Kiluo, msidanganywe na mtu, makabila yamepokeana wanaume muda wote.

Swali la mtoto ni wa nani, au mirathi: Y isiwe chaguo lako. Wewe, kaka yako, baba mdogo na mtoto wa baba mkubwa wote mna Y moja, haiwezi kuwatenganisha. Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Marekani mwaka 1998, rais Thomas Jefferson na watoto wa Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa, kwaiyo wakapima uzao wa Field, baba yake mkubwa, wakalinganisha na wa uzao wa Eston Hemings, zikafanana. Ila Y peke yake haikuweza kusema ni Thomas au ni ndugu yake wa kiume, ilibidi waende kwenye kumbukumbu za nani alikuwa nyumbani lini. Kwa mtoto aliye hai kipimo ni cha otosomu, baba, mtoto na ikiwezekana mama. Na kwa Tanzania kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, kazi hiyo iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na ombi linapitia mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii, kipimo cha posta cha kujipimia nyumbani usikipeleke kwa hakimu.

Dada wawili wanaotaka kujua kama ni wa baba mmoja na baba kesha fariki, hapa wengi wanakwama kwa sababu hawana Y. Jibu liko kwenye X. Baba ana X moja tu na anaitoa nzima kwa kila binti, kwaiyo mabinti wa baba mmoja lazima wawe na X moja inayofanana yote. Kwa kaka wawili ni Y, na zikitofautiana sana basi mstari sio mmoja, zikifanana bado inaweza kuwa baba zao ni ndugu.

Mwanamke anayetaka Y ya ukoo wake atafute mwanaume sahihi: baba, kaka wa baba mmoja, baba mkubwa au baba mdogo, au mtoto wa kiume wa hao. Mjomba hapana, mtoto wa shangazi hapana, hao wana Y za watu wengine. Nimeona watu wamepoteza pesa hapo, tena watu wasomi.

Ukishaamua Y, bado kuna ndani yake

Wanauza aina kuu mbili. Moja inahesabu marudio, mahali ambapo neno la herufi nne limerudiwa mara 13 kwa huyu na 14 kwa yule, na alama zinazohesabiwa huwa 12, 37 au 111. Ya pili inasoma herufi zenyewe mamilioni. Ile ya alama 12 achana nayo, hasa kwa sisi, maana Wabantu walisambaa haraka na kwa muda mfupi kwaiyo utafanana na wanaume mia wasio ndugu zako na utapigiwa simu na watu wa Alabama kule Marekani wanakuita kaka. Alama 37 inatosha kujua kama ukoo wenu na ukoo ule wa jina moja ni mmoja. Kama unataka tawi lako halisi na umri wake, subiri, kusanya pesa, nunua ya kusoma herufi. Na ya kusoma herufi haichakai, kila mwaka matawi mapya yanapatikana na wewe unahamishwa bila kupima tena. Mti wenyewe bado unakua, mwaka 2013 ndo lilitangazwa tawi la zamani kuliko yote, A00, lililotoka kwa sampuli ya Mmarekani mweusi na likaonekana pia kwa watu wa kabila la Mbo huko Kameruni. Yaani shina la wanaume wote lilisogezwa nyuma makumi ya maelfu ya miaka na kijiti kimoja cha mate.

Kuhusu usiri, mwaka 2023 kampuni moja kubwa ya Marekani iliibiwa taarifa za watu karibu milioni 7 na 2025 ikaomba kufilisika. Y yako ni ya kaka zako wote wa baba mmoja na watoto wako wote wa kiume, uliza kwanza nyumbani. Tumia jina la ukoo bila majina ya watu, na soma kama wanakuruhusu kufuta.

Sisi tulianza na bamkubwa, ana miaka 81, ndo mwanaume mkubwa aliyebaki. Kijiti kilipofika alikuwa kamaliza kahawa na halua, na maelekezo yanasema usile wala kunywa kabla, basi tukakaa saa nzima barazani tunamzuia asiguse kikombe, kisha akasukutua maji akasugua shavu la kulia taratibu kama anayepiga mswaki, sekunde 60 nahesabu mi, halafu la kushoto na kijiti cha pili. Hakuuliza tutapata nini, aliuliza kama kuna nafasi kwenye bahasha ya kuandika jina la baba yake.

Ukoo wetu tumekua tunaambiwa sisi ni Washirazi. Y ilirudi E-M2, ya hapa hapa. Kwenye grupu kukawa kimya, wengine wakaandika kipimo kibovu. Nikaomba tuongeze cha jumla, sehemu ya Asia ikaonekana, ndogo lakini ipo, imeingia kwa mlango mwingine ambao Y haiwezi kuuona, labda kwa bibi fulani ambaye baba yake alishuka jahazini. Nilimsomea bamkubwa yote mawili. Akafikiri kidogo akasema, "Basi baba yetu ndiye mwenyeji. Hao wengine tuliwakaribisha."

Binamu ameagiza mtDNA ya mama yake.